DVR inaposema "imeshindwa kuunganishwa": maana yake hasa

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Imeshindwa kuunganishwa na mtandao. Jaribu tena baadaye." Mwenye DVR anaizima, anaiwasha, anasubiri, na ujumbe unarudi vilevile. Anaizima tena. Si kosa lake. Sentensi hiyo moja inafunika hitilafu nyingi zisizofanana, na dawa ya moja haitibu nyingine.

DVR ni kirekodi cha video cha dijitali: mashine inayonasa vipindi vya televisheni na kuvihifadhi kwenye diski yake ili uvitazame utakapopata nafasi. Kwa kawaida vipindi vyenyewe huingia kwa antena, dishi au kebo. Mtandao una kazi nyingine, na kubwa kuliko zote ni kuleta ratiba. DVR za kwanza za nyumbani, TiVo na ReplayTV, zilijitokeza mwaka 1999, na TiVo za mwanzo zilichomekwa kwenye laini ya simu, zikawa zinapiga zenyewe kuchukua ratiba ya vipindi. Laini ya simu imepisha waya wa mtandao na waifai, lakini mahitaji ni yaleyale: ratiba, saa sahihi na masasisho ya programu.

Ratiba hupakuliwa ya siku nyingi kwa mpigo, mara nyingi wiki mbili hivi. Kwa hiyo DVR iliyokatika leo itaendelea kurekodi kesho na keshokutwa kana kwamba mambo ni shwari. Siku ratiba inapokwisha, tamthilia uliyoifuatilia tangu sehemu ya kwanza inapita bila kunaswa. Ndiyo maana ujumbe huu haufai kupuuzwa hata kama rekodi bado zinaingia.

Sasa, kuunganishwa ni nini? Fikiria mbio za kupokezana kijiti. Waya au waifai huifikisha DVR kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Ruta huipa anwani na kuionyesha njia ya kutoka nje. Jina la seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa ratiba, hugeuzwa kuwa namba. Mwisho DVR na seva hutambuana kabla ya kuanza kupeana data. Kijiti kikianguka popote kati ya hapo, kwenye kioo utasoma maneno yaleyale. Kazi yako ni kujua kimeangukia wapi, na kwa hilo kuna ukurasa mmoja wa menyu ambao natamani kila mwenye DVR aufahamu: ule wa hali ya mtandao, ulipoandikwa anwani ya IP.

Namba zile nne zilizotenganishwa kwa nukta zinasema mengi. DVR ikiwaka huuliza mtandao mzima wa nyumbani, "Nani hugawa anwani hapa?" Ruta hujibu kwa kupendekeza anwani, DVR huikubali, ruta huithibitisha. Mazungumzo hayo huitwa DHCP, na huisha kwa muda mfupi sana. Anwani inayotolewa nyumbani mara nyingi huanza na 192.168 au 10. Lakini ukiona kitu kama 169.254.83.12, jua kwamba DVR iliita, ikaita, hakuna aliyeitika, ikajipa anwani yenyewe. Ukiona namba hizo, usipoteze muda kumpigia simu mtoa huduma ya intaneti. Hitilafu iko ndani ya nyumba yako, kati ya DVR na ruta.

Hapo ndipo uangalie waya. Niliwahi kusumbuliwa na DVR iliyokatika kila mara kabati la televisheni lilipopanguswa vumbi. Nilibadilisha mipangilio yote niliyoijua. Mwishowe niliinama nyuma ya kabati na tochi, nikaona kile kilimi kidogo cha plastiki kwenye plagi, kile kinacholia "tik" unapochomeka, kimevunjika. Plagi ilikaa ndani kama nzima, ila ikiguswa kidogo inarudi nyuma milimita moja tu, na taa ndogo ya kijani pembeni yake inazimika. Waya mpya ulimaliza kazi. Tangu siku hiyo naanza na taa: kama taa za tundu la mtandao hazijawaka, upande wa DVR au upande wa ruta, hakuna haja ya kugusa menyu.

Kwa waifai, mambo mawili hujirudia. Moja ni ruta mpya au nenosiri jipya: simu zote za nyumbani zinabadilishwa siku hiyohiyo, DVR inasahaulika. Hata nenosiri likiwa sahihi, ruta iliyowekwa itumie usalama wa WPA3 peke yake haitaelewana na DVR ya zamani inayojua WPA2 tu, hivyo iweke kwenye hali inayokubali zote mbili. La pili ni mahali ilipo. Mawimbi ya GHz 5 hupungua nguvu haraka zaidi ukutani kuliko ya GHz 2.4, na DVR nyingi hufichwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni. Ukiweza kuipelekea waya, ipelekee. Kifaa kisichohama hakina sababu ya kutegemea hewa.

Kuna mtego kwenye anwani zinazoonekana nzuri. Huenda miaka iliyopita mtu aliandika anwani kwa mkono, tuseme 192.168.1.50, kisha ruta ikabadilishwa na mpya inatumia 192.168.0. Namba inaonekana ya kawaida kabisa, kumbe DVR iko mtaa ambao haupo tena. Rudisha mpangilio kwenye "otomatiki" ili ruta igawe yenyewe. Vifaa viwili vikigombea anwani moja, dawa ni hiyohiyo.

Anwani ikiwa sawa na bado inagoma, tatizo liko mbele zaidi. Kama simu yako nayo haipati intaneti kwa waifai hiyohiyo, huduma imekatika, na hapo sasa mpigie mtoa huduma. Kama simu inapata, shuku DNS, yaani kile kitabu cha kugeuza majina ya seva kuwa namba. Kwenye DVR zinazoruhusu, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kisha ujaribu tena.

Kisha kuna saa. Seva hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. DVR inayoamini kwamba bado tuko mwaka 2012 itakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, na itakata mazungumzo. Kinyume chake pia hutokea. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kiitwacho DST Root CA X3 kilifika mwisho wa muda wake, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vilishindwa kufungua seva zilizokuwa zikikitegemea. Waya ulikuwa mzima na anwani sahihi. Kwa hitilafu ya aina hii kinachosaidia ni sasisho la programu kutoka kwa mtengenezaji, likiwa bado linatolewa.

Kuzima na kuwasha kunasaidia, ila kwa mpangilio: modemu (kifaa kinachoingiza intaneti nyumbani) kwanza, ikitulia ruta, ikitulia DVR, na uhakikishe hakuna kipindi kinachorekodiwa unapochomoa umeme. Chaguo la kurejesha hali ya kiwandani liogope. Kwenye DVR nyingi hufuta rekodi zote pamoja na mipangilio, na nimeona mtu akipoteza miaka ya vipindi alivyowahifadhia wanawe kwa hitilafu ambayo ilikuwa ya nenosiri tu.

Ikishaunganishwa, usiondoke bado. Ilazimishe kupakua ratiba wakati huohuo, kisha usogee mbele kwenye orodha ya vipindi hadi siku ya mwisho iliyojazwa. Ikiwa ni siku nyingi kutoka leo, data imefika. Ikiishia kesho, rudi kwenye ule ukurasa wa hali ya mtandao.