Presha ya macho kwa mtoto aliyeondolewa mtoto wa jicho

Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho, mboni yake huonekana nyeupe kwa sababu lenzi ina ukungu. Madaktari hawapendi kungoja. Ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na ukikosa picha safi wakati huo, upasuaji wa baadaye hausaidii sana. Basi lenzi hutolewa mapema, na wazazi wanarudi nyumbani wakidhani yamekwisha.

Hayajaisha. Miongoni mwa watoto hawa wapo wanaopata glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho (si ile presha ya damu anayopimwa bibi). Jicho hutengeneza maji yake ndani, nayo hutoka kwa kupitia kichujio kilicho pembeni, pale kioo cha mbele kinapokutana na duara lenye rangi. Lenzi ikishatolewa, kwa baadhi ya watoto kichujio hicho hakipitishi maji ipasavyo. Shinikizo hupanda na kuua taratibu mshipa wa fahamu wa jicho. Kilichokufa hapo hakirudi.

Utafiti mmoja wa Marekani ulifuatilia watoto 114 waliopasuliwa jicho moja kabla ya kufikisha miezi 7. Walipofika miaka 5 hivi, asilimia 17 walikuwa na glakoma. Kwenye miaka 10, asilimia 22. Nusu ya watoto wote 114 waliwekewa lenzi bandia, lakini haikuwakinga. Walio hatarini zaidi ni waliopasuliwa wakiwa wachanga mno na wenye macho madogo. Ndiyo maana kwa jicho moja madaktari wengi huchagua wiki ya 4 hadi ya 6: ukiwahi sana unaongeza hatari ya presha, ukichelewa unapoteza uoni.

Kwa kichanga, dalili ni machozi yasiyokauka, kukimbia mwanga, kioo cha jicho kuwa na ukungu, au jicho kukua kuliko mwenzake. Mtoto mkubwa huenda asilalamike kabisa, kwa hiyo kliniki haziishi, hata akiwa mtu mzima. Mdogo asiyetulia hupimwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi.

Na kuna dalili moja inayowafurahisha wazazi kimakosa. Miwani minene ya mtoto asiye na lenzi hupungua namba kidogo kidogo anavyokua. Namba ikishuka ghafla, usishangilie kwamba macho yanapona: huenda jicho linavutwa na shinikizo. Mwambie daktari apime presha siku hiyohiyo.