Shanga ndani ya jicho la jogoo

Jumamosi nilipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa muuza kuku wangu, nikaomba kichwa cha jogoo aliyechinjwa muda huohuo. "Daktari, leo supu ya kichwa?" Nikamwambia nataka macho tu. Nikawahi nayo maabara, maana retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haikawii kuharibika.

Itandaze ikiwa mbichi chini ya hadubini, bila kuipaka dawa yoyote, uone: shanga zimemwagika. Nyekundu, za njano, nyingine hazina rangi kabisa. Kila shanga ni tone la mafuta ndani ya koni, seli inayotambua rangi mchana, na mwanga huchujwa humo kwanza. Wekundu na unjano huo chanzo chake ni karotenoidi, yaani rangi za asili zilizomo kwenye chakula, kama majani na mahindi ya njano (haya yetu meupe hayamsaidii kuku sana).

Sisi tuna aina 3 za koni. Kuku ana 4 za rangi, mojawapo ya urujuani, na ya tano ni koni pacha, yaani koni mbili zilizoshikana.

Sasa mpangilio. Jicho la nzi limepangwa kama sega la nyuki. La kuku halina mstari hata mmoja. Utadhani mtu karusha ulezi shambani. Lakini fuata shanga nyekundu peke yake: kutoka moja hadi nyingine, nafasi karibu inalingana. Fuata za njano, vivyo hivyo. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Corbo na wenzake, kule St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kila aina kati ya hizo 5 hujipanga kivyake.

Mimi huwaeleza wanafunzi kwa mtaa wetu. Kinyozi, fundi viatu, muuza chipsi, genge, wakala wa pesa. Kinyozi hajali kabanana na nani, mradi asiwe kinyozi mwenzake. Mtaa unaonekana vurugu, ila popote uliposimama hukosi pa kunyolea. Isitoshe, koni zinatofautiana ukubwa, kwa hiyo kuzibana zote kwenye mistari kama sega kusingewezekana.

Kwa kuku koni ni nyingi kuliko seli za kuonea gizani. Ndiyo maana jioni hapa Uyole, mimi bado naona njia vizuri, jogoo wangu ameshapanda darini. Bibi alikuwa akitukataza kumkimbiza kuku wa mgeni mchana. "Subirini giza," anasema, kisha anaingia bandani na kumchukua kama anayeokota kiazi.