Je, wajua ile mistari myeupe kwenye majani ya magugu inatoka wapi?

Angalia majani ya mchunga, mnavu wa porini au kishona nguo, ukipekua machache tu lazima utakuta jani lenye mstari mweupe unaojikunja-kunja, umeanza mwembamba kama unywele afu unanenepa kadiri unavyoenda mpaka unakata ghafla. Nani kauchora?

Majibu yanayosikika sana ni matatu. La kwanza eti konokono kapita akaacha ute. La pili ni ugonjwa, virusi au ukungu, na ndo maana watu wanapulizia dawa ya ukungu wiki baada ya wiki na mistari inaendelea kutokea. La tatu ni kwamba kuna mdudu katembea juu ya jani huku anakwangua. Yote matatu sio, na uzuri ni kwamba huhitaji maabara kuyakataa. Ute wa konokono ukikauka unang'aa na ukisugua kwa kidole unabanduka, huu mstari sugua mpaka uchoke, uko palepale. Ugonjwa nao hautembei hivi, doa la ukungu linapanuka kutoka lilipoanzia na virusi vinabadilisha rangi ya jani kwa mabaka au kufuata mishipa, lakini huu mstari una mwanzo mmoja, una mwisho mmoja, na kingo zake zimekatika safi kabisa. Hilo la tatu limekaribia kidogo kwa sababu kweli mdudu yumo, ila pitisha kidole taratibu juu ya mstari usikie: ngozi ya jani ni nzima, hakuna kidonda, hakuna mkwaruzo. Aliyechora hajawahi kukanyaga juu ya hilo jani. Yumo ndani yake.

Ni funza wa nzi mdogo sana, nzi wa familia ya Agromyzidae, ambayo spishi zake zinazojulikana zinapita 3,000. Mama yake ana urefu wa kama milimita mbili hivi, na nyuma ana kifaa kigumu cha kutobolea jani. Anatoboa, anageuka, anakunywa maji yanayotoka. Vile vidoti vyeupe unavyoviona vimetapakaa kwenye jani ni matundu yake ya chakula, vingi havina yai lolote, ni vichache tu ndo ametagia. Dume hana kifaa hicho kwa hiyo anakunywa kwenye matundu aliyotoboa jike.

Sasa hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Chukulia jani ni godoro lenye kava: kitambaa juu, kitambaa chini, sponji katikati. Sponji ndo nyama ya kijani, sehemu yenye chakula, na vitambaa ni ngozi mbili za jani ambazo zinapitisha mwanga. Funza anaingia ndani ya godoro na kula sponji tu, kava haligusi. Anapopita panabaki uwazi wenye hewa, kijani kimeondoka, ndo maana tunaona weupe. Sasa jiulize, majani mengi laini hayafiki hata nusu milimita kwa unene, atajipangaje humo? Huyu funza hana miguu wala kichwa cha kueleweka, ana ndoano mbili ndogo nyeusi mdomoni, na ndoano hizo zinapiga kwa kwenda juu na chini. Akilala kifudifudi angetoboa kava kwa mpigo wa kwanza! Kwa hiyo analala ubavu. Akiwa ubavu, lile pigo la juu-chini linageuka kuwa la kushoto-kulia, linafagia sponji kwa upana bila kugusa kitambaa cha juu wala cha chini. Na kila baada ya muda anajigeuza kwenye ubavu wa pili.

Ushahidi wa kwamba anajigeuza upo na unauona kwa macho. Inua jani kwenye jua, tazama ndani ya mstari, utaona vipunje vyeusi, huo ni uchafu wake. Kwenye mistari mingi ya nzi uchafu umekaa pembeni, unakaa upande huu kipande fulani afu unahamia upande wa pili, kwa sababu akigeuka ubavu na sehemu ya nyuma inageuka nayo. Kiwavi wa nondo anayechimba jani taya zake zinafungana kwa pembeni, hana haja ya kulala ubavu, analala kifudifudi na uchafu wake mara nyingi unakaa mstari mmoja katikati. Kantangaze wa nyanya, ambaye watu wengi wanamchanganya na huyu, ni nondo, na yeye anaacha mabaka mapana na anaweza hata kutoka akaingia jani jingine. Ila usiapize kwa jani moja, wapo nzi wanaochimba baka badala ya mstari na humo uchafu umetawanyika ovyo.

Kunenepa kwa mstari ni kukua kwake tu. Anajivua ngozi mara mbili humohumo ndani, na kila akijivua anapata ndoano mpya kubwa zaidi, kwa hiyo fagio lake linapanuka. Kwenye joto spishi nyingi zinamaliza kazi hii kwa siku chache mpaka wiki moja hivi, lakini Phytomyza ilicis wa Ulaya, anayeishi kwenye mti wa Ilex aquifolium peke yake, anakaa ndani ya jani hata majira yote ya baridi.

Na huyo ndo mfano wa wengi, maana sehemu kubwa ya hawa nzi wamejifunga kwenye mmea mmoja au ndugu zake wa karibu. Ni ndoa ya siku nyingi sana, huko Montana, Marekani kuna visukuku vya majani vya miaka kama milioni 64 vyenye michoro inayofanana na ya hawa nzi. Wasiochagua ni wachache mno, ila ndo wanaosumbua mashamba. Liriomyza trifolii asili yake ni Amerika, aliingia Kenya mwaka 1976 na vipando vya maua ya krisanthemamu kutoka Florida, na mayai yakiwa ndani ya jani utayaonaje?

Dawa ya kugusa tu, ile inayoua mdudu mpaka imguse, haimfikii funza maana kava linamkinga, inaua wale wa nje, na wa nje ndo nyigu wadogo kama Diglyphus isaea, ambaye anamdunga funza kupitia ngozi ya jani, anampoozesha, afu anataga yai pembeni yake ili mtoto amle. Hawa nyigu wengi hawabagui, wanaoshambulia funza kwenye magugu wanashambulia na wa kwenye mboga, kwa hiyo mchunga wenye mistari pembeni ya shamba unaweza kuwa unalea walinzi. Unaweza pia kuwa unalea Liriomyza mwenyewe, maana mnavu na kishona nguo anavila vizuri tu. Wa kukuamulia ni mwisho wa mstari. Funza aliyesalimika anakata ngozi kwa mkato wa nusu duara na wengi wanadondoka chini kwenda kuwa pupa, yaani hatua ya kati ya funza na nzi, kwenye udongo. Ukikuta katundu kadogo ka duara kamili, aliyetoka hapo ni nyigu.