Dhana potofu kuhusu vijana wa shule mbadala

"Wamepelekwa kule kwa sababu wameshindikana." Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, maana kijana huisikia kabla hajakanyaga darasani. Ukweli ni kwamba shule mbadala, zile za vijana ambao hawakuweza kuendelea katika shule za kawaida, hupokea wengi: aliyefukuzwa, aliyefiwa, aliyejifungua, aliyeonewa na wenzake mpaka akaacha masomo. Madarasa huwa madogo ili mwalimu atambue mapema nani leo hayuko sawa.

"Ana kiburi tu." Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika umri huo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za ghafla, tumbo linalouma kila asubuhi, usingizi juu ya dawati. Sasa mkemee kijana kama huyo mbele ya wenzake, "Niangalie ninapozungumza nawe!", uone kama hatapiga kiti teke. Moyo unamwenda mbio, adrenalini, homoni ya mwili ya kukabili hatari, imepanda, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo, hukomaa mtu akiwa ameshavuka miaka 20. Mawaidha hayaingii hapo. Msogeze pembeni, shusha sauti, mpe maji, nyamaza naye kidogo. Kiti atakiinua mwenyewe akitulia, na kosa litazungumzwa, hata kama ni kesho yake. Kumtuliza si kumdekeza.

"Ukimuuliza habari za kujiua utampa wazo." Nawasihi walimu na wazazi waiache dhana hii. Tafiti hazijaonyesha kuwa swali hilo humpandikizia mtu wazo. Wengi hupata nafuu wakiulizwa. Uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, usimwahidi kuficha siri, mfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

"Hiyo ni kazi ya mshauri nasaha." Ni kazi yake, ila yeye huenda akamwona kijana mara moja tu kwa wiki. Mpishi na mlinzi wa getini humwona kila siku, na pengine ndio anaowaamini. Wafundishwe nao dalili za hatari na nani wa kumwarifu. Kijana asipofika siku mbili, apigiwe simu, na swali la kwanza lisiwe "Ulikuwa wapi?" bali "Hatujakuona, u mzima?"