Injini Mpya Haizoeshwi kwa Mwendo wa Kobe
Wengi wanaokabidhiwa gari jipya huambiwa waliendeshe polepole, kwa kasi ileile moja, hadi litimize kilomita 1,000. Nusu ya ushauri huo ni sahihi. Nusu nyingine yaweza kuidhuru injini. Ndani ya silinda, ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazokizunguka kipande kinachopanda na kushuka humo, hubanwa ukutani na msukumo wa gesi inayoungua, na ukuta wenyewe una mikwaruzo myembamba iliyochongwa kiwandani kwa makusudi, ili ushike oili na kuzisugua ringi hadi zikae sawasawa. Injini isipopewa kazi ya kutosha, msukumo huo huwa hafifu, ukuta waweza kung'ara kama kioo kabla ringi hazijakaa, na gari likaanza kula oili mapema. Kinachotakiwa ni kubadilisha kasi mara kwa mara na kukanyaga mafuta kwa kiasi, bila kuipandisha injini hadi mizunguko ya juu kabisa wala kung'ang'ania gia kubwa huku gari likijikokota. Kuiacha ingurume nusu saa gari likiwa limesimama, desturi ambayo sijapata kuielewa, hakuzoeshi chochote. Breki na tairi mpya, ambazo husahauliwa, nazo huhitaji upole katika kilomita mia chache za mwanzo.