Noti kwenye sidiria hazileti saratani ya matiti

"Kina mama, msitie noti wala simu kwenye sidiria, mtapata saratani." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu, toka Likoni hadi Kisauni, hapa Mombasa.

Sidiria haileti saratani, hata ikibana. Saratani huanzia ndani ya seli, jeni zikiharibika. Kwenye kiini cha seli mna protini zinazowasha na kuzima jeni. Mojawapo ni kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike: homoni hiyo ikikishika, kipokezi hujibandika kwenye DNA na kuwasha jeni zinazoifanya seli igawanyike. Takriban saratani 7 kati ya 10 za matiti zina kipokezi hiki. Dawa ya tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni, swichi isiwake.

Kujua kama saratani ina kipokezi hiki, angalia ripoti ya biopsi (kipimo cha kipande cha uvimbe), penye herufi ER, kifupi cha Kiingereza cha kipokezi cha estrojeni: zikishika rangi seli 1% au zaidi za saratani, jibu ni chanya, yaani kipokezi kipo. (Saizi ya sidiria haiulizwi.)

Mkanganyiko unaeleweka. Uvimbe mwingi hutokea juu ya titi, upande wa kwapani, penye tishu nyingi zaidi. Na noti hufichwa hapo hapo.

Ukiupokea ujumbe huo, usiutume mbele. Mwenye uvimbe huenda akatoa simu kifuani, akaridhika, akachelewa kupimwa.