Kizingiti cha Gari la Paa Wazi si Pambo

“Kutu ipo kidogo tu, fundi, hapo kwenye kizingiti. Kwingine kote safi.” Anayeniambia hivyo huwa analitengeneza upya gari la zamani la paa wazi: ameshanunua rangi, ameshaagiza turubai jipya la paa, na viti vimeshapelekwa kushonwa. Anachotaka kwangu ni nikubali kwamba bati lililoliwa chini ya mlango litazibwa kwa puti, ule uji mzito wa kusawazishia bati, siku ya kupaka rangi. Sikubali. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, tena akiwa ameshakata bati, kwa hiyo naliandika, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia gereji; kila dai nimeliweka kama kichwa, jibu langu likifuata.

“Kizingiti ni bati la pambo, kazi yake kuficha sakafu”

Kizingiti ni lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwenye gari lenye paa la bati, mzigo hugawanywa: nguzo za kioo cha mbele, paa, nguzo za nyuma na sakafu hushikana pande zote. Liondoe paa, na kinachobaki kuunganisha mbele ya gari na nyuma yake ni sakafu, lile handaki la gia linalopita katikati, na vizingiti viwili. Chukua kiberiti, chomoa kile kisahani cha ndani, kisokote kwa vidole viwili; kisha kirudishe kwenye ganda lake ujaribu tena. Gari lako ni kile kisahani.

Watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo. Karmann, waunda bodi wa Ujerumani, walipoanza kuunda Volkswagen Beetle ya paa la kukunja mwaka 1949 hawakukata paa wakaishia hapo. Waliongeza vyuma chini ya milango, na gari likawa zito kuliko ndugu yake mwenye paa gumu. Ford Mustang ya paa wazi ya miaka ya 1960 nayo ina mabati ya ziada kwenye vizingiti na chini ya viti vya mbele. MGB, gari la Kiingereza lililotoka mwaka 1962, haina chasisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kizingiti chake kina bati la ndani, bati lililosimama wima katikati, bati la nje, na reli inayopita chini yake. Ukisimama nje unaona bati moja tu kati ya hayo, na mara nyingi hilo ndilo linalong'aa wakati lile la katikati limeshageuka unga mwekundu.

Najua dhana hii inatoka wapi. Yapo magari ya paa wazi yenye chasisi kamili chini ya bodi, kama MGA au Triumph TR6, na mtu aliyewahi kutengeneza moja ya hayo huona kwamba bodi haibebi chochote. Hata huko asikimbilie kujumlisha. Triumph Spitfire ina chasisi, lakini ni uti wa katikati tu. Vizingiti vyake ni sehemu ya nguvu ya gari. Kabla hujashika grainda, jua gari lako limeundwaje.

Kupima hali yake hakuhitaji kukata kitu. Inua zulia, chukua bisibisi yenye ncha, chokonoa mshono wa kizingiti na sakafu, hasa kwenye zile pembe karibu na magurudumu ambako matope hujikusanya. Pitisha sumaku nje. Ikikataa kunasa, chini yake kuna puti. Halafu fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, pima pengo la ukingo wa nyuma wa mlango, sehemu ya juu karibu na kitasa. Waketishe watu wazima wawili ndani, upime tena. Pengo likipungua waziwazi, au mlango ukawa mgumu kufunguka, gari linapinda katikati kwa uzito wa abiria wake. Hapo usiniambie kutu ni kidogo.

Wanaoharibu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kufunika. Anachukua bati jipya analichomelea juu ya lililooza, au anajaza povu la kupulizia ndani ya kizingiti, analisawazisha kwa puti na kulipaka rangi. Kutu inaendelea kula ndani bila kuonekana, povu linashika maji, na siku mtu mwingine akija kuchomelea hapo, povu linawaka na kutoa moshi wa sumu. Nikikuta povu ndani ya kizingiti cha gari linalotangazwa kuwa “limetengenezwa upya”, najua sina haja ya kutazama kingine.

Wa pili ananiuma zaidi kwa sababu ni mchapakazi. Amenunua vizingiti vipya, ana mashine ya kuchomelea, ameng'oa milango, amelipandisha gari juu ya stendi nne alizoziweka popote palipoonekana pagumu. Kisha anakata vizingiti vyote viwili kwa mchana mmoja. Bodi inashuka katikati kwa milimita chache, kiasi ambacho jicho halikioni, naye anachomelea vizingiti vipya juu ya bodi iliyopinda. Kuanzia hapo upindo umekuwa wa kudumu. Anarudisha milango, haifungi. Anasogeza bawaba, anasaga ukingo wa mlango, anaongeza washa, vile visahani vyenye tundu, kwenye kitasa. Hakuna bawaba inayonyoosha gari. Dawa ni kukata tena kile alichokichomelea vizuri, na hiyo ndiyo habari ninayochukia kumpa mtu kuliko zote.

Utaratibu si mgumu, ni wa polepole. Weka stendi mahali ambapo uzito wa gari hushukia kwa kawaida, karibu na viungio vya magurudumu, na uhakikishe kwa pima maji kwamba bodi imekaa sawa kushoto na kulia. Amua mapema kama injini inabaki au inatoka, usibadili mawazo katikati, maana uzito ule unabadilisha vipimo vyako. Chomelea vyuma vya muda kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na vingine vya kukatiza kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Viweke upande wa ndani, ili mlango uendelee kufungika huku vyuma vikiwa mahali pake. Pima mshazari wa kila nafasi ya mlango kona hadi kona, andika kwenye karatasi, bandika ukutani. Kumbukumbu ya kichwani haifai hapa.

Kisha fanya upande mmoja, umalize kabisa, ndipo uende wa pili. Shikiza kizingiti kipya kwa nukta chache tu, funga mlango, tazama mapengo yake. Hayako sawa? Kata nukta, sogeza, rudia. Yakiwa sawa, chomelea kwa vipande vifupi ukiruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa sababu joto likikaa mahali pamoja bati linajivuta. Mabati yatakayolaliana yapakwe kwanza praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, kwani ukishafunga boksi hufiki tena humo kwa brashi. Usizibe matundu ya kutolea maji, hata yakikukera kwa sura yake. Rangi ikishakauka, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti mpaka uione ikidondoka kwenye matundu hayohayo.

Ushauri wangu ambao wengi huuona ni wa ukaidi: mlango ndio kipimo chako kikuu, kwa hiyo mlango wenye bawaba zilizolegea utengeneze kabla ya kizingiti. Ukipima kwa mlango unaoning'inia unajidanganya mwenyewe.

“Paa likivuja, badilisha turubai”

Turubai mara nyingi halina kosa. Maji hupita kwenye mpira uliokauka juu ya kioo cha mbele, kwenye kioo cha mlango kisichogusa mpira wake, au kwenye mifereji iliyoziba majani nyuma ya viti. Na kama bodi imepinda kwa sababu nilizokwisha kutaja, fremu ya paa haitakutana na kioo cha mbele hata uwekee kitambaa cha kifalme. Funga milango vizuri, panga vioo vyake, weka mipira mipya, ndipo ushughulike na turubai. La vinaili lifunge siku yenye joto, linavutika. Likifungwa kwenye baridi litalegea jua likitoka. Usilikunje likiwa bichi, na kama dirisha la nyuma ni la plastiki, usilikunje kwenye baridi kali, litapasuka kwenye mkunjo.

“Dawa ya kutu inaponya bati”

Dawa hizi, nyingi zikiwa na asidi ya fosfori au tanini, hubadilisha kutu ya juu kuwa tabaka lililotulia. Kwenye bati zima lenye kutu nyepesi zinasaidia. Hazirudishi bati lililokwisha kuliwa, na haziingii ndani ya mshono wa mabati mawili, ambako kutu ya magari haya hupenda kuanzia. Puti vivyo hivyo: ni ya kusawazisha milimita mbili tatu juu ya bati safi lisilo na tundu.

“Peleka bodi nzima ikapigwe mchanga, utaokoa muda”

Utaokoa muda wa kusugua, utaupoteza kunyoosha. Boneti, milango na kifuniko cha buti ni mabati mapana na membamba. Yakipigwa mchanga kwa nguvu hutanuka na kujikunja, na kuyarudisha ni kazi ya wachache. Mchanga unafaa kwenye chasisi, viungio vya magurudumu na pembe nzito. Mabati mapana yasafishe kwa dawa ya kutoa rangi au kwa mkono. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo vumbi lake lisiingie puani mwako wala kubebwa na nguo hadi chumbani.

Nikiwa kwenye vumbi: barakoa ya karatasi haikukingi unapopuliza rangi ya kisasa ya kuchanganya na kigumu. Kigumu hicho kina kemikali iitwayo isosaianeti, na pumu inayotokana nayo inaweza kukufuata maisha yako yote. Kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Huna? Fanya praima na msasa nyumbani, umwachie rangi ya mwisho mwenye chumba cha kupulizia. Hakuna aibu katika hilo.

“Petroli isiyo na risasi itaua injini”

Nusu kweli, na hiyo nusu imekuzwa mno. Risasi iliyowekwa kwenye petroli ilikuwa pia ikilinda vikalio vya valvu za ekzosi, yaani pale valvu zinapokaa zikijifunga, kwenye silinda hedi za zamani. Petroli hiyo ilikoma kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021, na magari haya bado yanatembea. Ukiendesha kwa upole kikalio kinalika taratibu sana. Siku utakapofungua hedi kwa sababu nyingine, weka vikalio vigumu, basi. Kinachonitia hofu mimi ni ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za leo. Inalainisha na kupasua mipira ya mafuta ya zamani, na mpira uliopasuka juu ya ekzosi yenye moto hauhitaji maelezo. Badilisha mipira yote ya mafuta kabla ya kuwasha injini iliyolala miaka mingi. Yote, pamoja na kile kipande kifupi kwenye tangi ambacho kila mtu hukisahau.

Mengine kwa haraka

“Tairi si kipara, kwa hiyo ni zima.” Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, litupe hata kama linang'aa.

“Mafuta ya breki ni mafuta ya breki.” DOT 5 ni ya silikoni, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za glaikoli. Usichanganye silikoni na hizo nyingine. Za glaikoli hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo gari lisilotembea nalo linahitaji mafuta mapya, kila miaka miwili hivi.

“Waya hasi wa betri siku zote ndio wa bodi.” Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, chanya ikienda kwenye bodi; MGB ilikuwa hivyo hadi mwaka 1967. Unganisha betri kwa mazoea na utaunguza redio au alteneta mtu aliyoiongeza baadaye.

“Lifunike kwa nailoni lisipate unyevu.” Nailoni ndiyo inayoufungia unyevu ndani. Tumia kitambaa kinachopumua, paa likiwa limefungwa na limenyooka, na vioo vimeshushwa kidogo ili hewa ipite. Kabla ya kulifunika, chungulia chini uone kama matundu ya vizingiti yako wazi.